Naomba ushauri: watu wanakuja darasa langu la yoga mara moja, hawarudi

Mwalimu wa Mkeka
Wakuu, salaam. Nafundisha yoga Temeke kwenye ukumbi wa kukodi. Jumamosi asubuhi ni bure, nilianzisha kwa ajili ya majirani. Lakini wanaobaki ni vijana wembamba. Watu wazima, wanene, kina mama wa madera, wanakuja siku moja basi.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama muuza vitumbua, miaka sitini na kitu. Nikaanza kama kawaida: "Tukae chini, tukunje miguu." Wenzake wameshakaa, yeye bado ameshika ukuta, anapiga goti moja linakataa, anajaribu la pili. Nikaenda kumkandamiza bega ili ashuke. Akasema "taratibu mwanangu," akatabasamu. Tulipofumba macho na kufumbua, mkeka wake hauna mtu, na kandambili zake mlangoni hazipo. Sina amani tangu siku hiyo. Nakosea wapi? Niambieni bila kunionea haya.

Bint Tandika
Asalaam aleykum mwalimu. Mimi nilikwenda darasa jingine, si lako. Nilivaa dera, suruali ndani, na shungi. Mwalimu akaniambia mbele za watu nivue shungi "ili nipumue". Nyuma yangu wanaume, pembeni mtu anapiga picha za kurusha mtandaoni. Niliinama mara moja tu, nikajua sitarudi. Tenga kipindi cha wanawake peke yao, na picha zipigwe kwa ruhusa.

Halafu ile "Om", sauti mnayoiimba darasani, inatutia wasiwasi wengine. Indonesia, baraza la maulamaa mwaka 2009 lilikataza yoga yenye mantra, yaani maneno ya kiibada yanayorudiwarudiwa, na ibada. Ya mazoezi matupu likaiacha. Sikuambii uifute. Tuambie mapema, asiyetaka anyamaze avute pumzi zake.

Mzee wa Kwaya
Kanisani kwetu swali ni hilohilo. Yoga imetoka India na mizizi yake ni ya kiroho, usitufiche hilo. Tukishajua, kila mtu ataamua na nafsi yake.

Mkongojo
Mguu wangu wa kushoto ulipata polio. Ndugu yangu, kosa lako kubwa ni lile bega. Huu mwili nimeishi nao tangu utotoni, najua wapi unashika na wapi unaachia. Ukinisukuma bila kuniuliza, naanguka. Muulize mtu, "Leo mwili ukoje?" Na uwaulize wote, hata hao vijana wembamba, ili asiwepo anayejiona amenyooshewa kidole.

Ukumbi wako una ngazi ngapi? Hilo hujalisema, na kwetu ndilo la kwanza.

Fizio wa Mbagala
Mkongojo kamaliza. Mimi naongeza kiti. Mgongo wa kiti uguse ukuta kisiteleze. Mama akae nusu ya mbele, nyayo zote mbili zikanyage sakafu; akiwa mfupi mwekee tofali ulilolizungushia kanga. Akivuta pumzi mikono inapanda, akitoa inashuka. Hiyo ni yoga kamili, wala si ya wagonjwa. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, ambaye utotoni aliandamwa na maradhi, ndiye aliyeeneza sana matumizi ya viti, mikanda na matofali ya mbao, na wanafunzi wake wako dunia nzima.

Mwenye presha isiyotulia au presha ya macho asiinamishe kichwa chini. Mjamzito wa miezi mikubwa asilale chali muda mrefu.

Ila nakuomba jambo moja: siku mama atakayorudi wote mkae kwenye viti, na wewe mwenyewe. Ukimweka mama peke yake pembeni na kiti chake, utakuwa umemtenga upya.

Jirani wa Nairobi
Huku kwetu shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa 2007, linawafundisha vijana wa mitaa ya kawaida wawe walimu, wakafundishe kwao. Anayekufundisha ni mtoto wa jirani, anaongea unavyoongea. Kwa hiyo angalia lugha pia. Majina ya mikao kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na kwa Kiingereza yanamfanya mtu ajione mgeni kabla hajanyoosha hata kidole. Mwambie anyooshe mkono kama anaanika shuka kwenye kamba. Ataelewa, na bega litapanda vizuri kuliko ungemwonyesha picha.

Mwalimu wa Mkeka
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ngazi ni nne, Mkongojo, na sikuwahi kuzihesabu mpaka leo. Kuna mlango wa nyuma usio na ngazi, umefungwa kwa kufuli. Mwenye ukumbi amekubali kunipa ufunguo.

Jana alfajiri nilikwenda kwa yule mama, nikakaa kwenye benchi lake mpaka wateja wakapungua. Nikamwomba radhi kwa lile bega. Akageuza vitumbua vyote kwanza, kimoja kimoja, ndipo akaniuliza, "Hivyo viti vina mikono? Vyenye mikono vinanibana."

Vya kukodi nilivyopata vyote vina mikono. Mwenye kujua vinakopatikana visivyo na mikono, ishirini tu, Temeke au Mbagala, aniandikie hapa kabla ya Jumamosi.