Kopepodi wameisha kwenye tangi la lita 60, nifanyeje?

bahari_ndogo
Wakuu, tangi langu ni la lita 60, maji ya chumvi yenye uzito linganifu 1.025, joto nyuzi 26, mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe wadogo ndani yake) kama kilo 7. Zamani nikizima taa na kumulika tochi, kioo kilikuwa kimejaa kopepodi, vile vidudu vyeupe vidogo sana vinavyoliwa na samaki. Tangu niweke samaki wa mistari sita (Pseudocheilinus hexataenia) sioni hata kimoja. Nataka kuongeza samaki aina ya mandarini. Ninunue chupa ya kopepodi nimimine? Kwenye kichujio nina soksi (mfuko wa kitambaa wa kunasa uchafu).

kokoto
Usinunue bado, utakuwa unamlisha huyo wa mistari tu. Anadonoa mawe kutwa nzima, na mandarini naye anaishi hivyo hivyo. Kwa lita 60 chagua mmoja. Mandarini anayekosa chakula utamwona tumbo limebonyea na mgongo umechongoka nyuma ya kichwa. Akifika hapo kumrudisha ni kazi.

Halafu wape kopepodi mahali ambapo mdomo haufiki. Kisanduku cha kuning'iniza nyuma ya tangi, lita 3 hadi 4, tia vipande vya mawe na tonge la mwani wa Chaetomorpha, maji yapite polepole. Taa yake iwake usiku, ya tangi ikizimwa. Huna kisanduku? Rundika kokoto za mawe pembeni, uzifunike na wavu wa plastiki wa matundu ya milimita 5.

Soksi itoe, inanasa watoto wa kopepodi. Ukiona lazima iwepo, isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuifua.

mwani_kijani
Naongeza kuhusu aina. Tigriopus ni wakubwa, wekundu, wanaogelea hadharani, kwa hiyo wanaliwa siku hiyo hiyo. Hao ni chakula. Wa kuzaliana ndani ya tangi ni Tisbe, wanaotambaa kwenye mawe na kujificha.

Wafuge pembeni kwanza. Ndoo mbili za lita 8 (moja ikiharibika, ya pili inakuokoa), chumvi kama ya tangi, joto 24 hadi 26. Mrija wa hewa uwe mtupu, usiufunge jiwe la hewa: mapovu madogo yanawakwamisha watoto juu ya maji. Povu moja au mawili kwa sekunde yanatosha. Lisha mwani wa kuelea, Nannochloropsis au Tetraselmis, hadi maji yawe kijani hafifu.

bahari_ndogo
Asante mkuu. Ndoo nimeshaandaa, nimelisha, leo siku ya tatu maji bado kijani. Niongeze?

mwani_kijani
Hapana! Maana yake bado ni wachache. Subiri maji yawe maangavu ndipo ulishe tena. Wengi wanaua ndoo hapa: mwani unaozidi unakufa, unaoza, amonia inapanda, asubuhi unakuta wote chini. Ikianza kunuka, badilisha nusu ya maji mara moja. Isiponuka, robo kwa wiki.

Ukiona majike wamebeba vifuko vya mayai na kuta zimejaa, vuna robo ya ndoo kwa wiki. Chuja kwa chujio lenye matundu ya maikroni 50 ili watoto nao wabaki. Maji yaliyopita yamwage. Watie tangini usiku, pampu zimezimwa nusu saa, kwa bomba la sindano karibu kabisa na mawe.

kokoto
Jambo moja zaidi: dawa yoyote yenye shaba isiguse tangi hilo. Inaua kopepodi, kamba, kaa, wote, na mawe yanaifyonza kisha yanaiachia baadaye. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye tangi lingine.

Na kopepodi wakirudi wengi hadi mchana wanaonekana kwenye kioo, usiogope, ni dalili tu kwamba chakula kinabaki. Mdudu wa kuondoa ni yule mnene, mwenye macho makubwa meusi, anayeng'ang'ania samaki. Huyo ni isopodi, si kopepodi.