Lebo za midoli ya manyoya ya mitumba: namba 1993 na 1965 zina maana gani?

MamaZuhura_Tabata

Wanajukwaa, habari za jioni. Binti yangu mwenye umri wa miaka tisa anakusanya midoli ya manyoya, nami kila Jumamosi ninapopita soko la Karume humchagulia mmoja au miwili katika rundo linalomwagwa chini belo linapofunguliwa, kwa shilingi 2,000 au 3,000 kila mmoja. Juzi nilirudi na mitatu ambayo imenitatiza.

Wa kwanza ni kambakoche mwekundu. Chini ya mkia ameshonewa lebo ya kitambaa yenye moyo mwekundu na herufi «ty», chini yake jina Pinchers, na kando ya moyo kuna nyota ndogo. Upande wa pili pameandikwa mwaka 1993, kwamba ametengenezwa China, kwamba ndani mna punje za plastiki ya PVC, na mwishoni «PA. REG #1965». Kwenye gando kumebaki kipande cha uzi wa plastiki, lakini kilichokuwa kikining'inia hapo hakipo. Wa pili ni dubu mdogo wa kahawia asiye na lebo yoyote, ila sikio lake la kushoto lina tundu. Wa tatu ni sungura mwenye lebo nyeupe ndefu kama risiti, iliyoandikwa kwa lugha nyingi pamoja na herufi CE.

Shemeji yangu anashikilia kwamba 1965 ndio mwaka wa kutengenezwa, na amenionyesha kwenye simu kambakoche kama huyu akitangazwa kwa maelfu ya dola. Naomba mwenye ujuzi anieleze lebo hizi zinasomwaje, kabla shemeji hajamchukua mdoli wa mtoto kwenda kutafuta mnunuzi.

MsomaLebo_Upanga

Dada, mtulize shemeji kwanza. Namba 1965 si mwaka. PA ni kifupi cha Pennsylvania, jimbo la Marekani linalomtaka kila mtengenezaji wa midoli ya kujazwa ajisajili, na namba ya usajili wake ichapwe kwenye lebo. Hiyo 1965 ndiyo namba ya usajili ya kampuni ya Ty, nayo utaikuta kwa dubu, kwa bata na kwa pweza vilevile. Midoli hii midogo iitwayo Beanie Babies ilianza mwaka 1993 na kuenea madukani mwaka 1994, kwa hiyo mwaka 1965 hapakuwa na kambakoche wa aina hii wa kushonewa lebo.

Sasa huo mwaka 1993, ambao ndio unaowapoteza wengi zaidi. Ni mwaka wa hakimiliki, yaani mwaka ambao kampuni inadai umbo la kambakoche huyu kuwa mali yake, na ulichapwa bila kubadilika kwa kila kambakoche aliyefuata mpaka walipoacha kumtengeneza mwaka 1998. Aliyeshonwa 1997 ana 1993 mkiani sawasawa na aliyeshonwa mwanzo kabisa. Anayetaka umri wa mdoli wenyewe aache namba na atazame mchoro: lebo za mkiani za mwanzo zilikuwa nyeusi na nyeupe bila moyo wowote, zikafuata zenye moyo mwekundu lakini bila jina la mnyama, kisha jina likaongezwa chini ya moyo, na baadaye ndipo ilipokuja nyota. Wako ana jina na ana nyota, basi ni wa kipindi ambacho midoli hii ilishonwa kwa wingi mno.

Kilichokuwa kwenye gando ni lebo ya karatasi yenye umbo la moyo, nayo ina historia yake. Ile ya kwanza ilikuwa kipande kimoja, halafu ikawa inakunjuka kama kitabu. Mwaka 1996 ikawekwa nyota ya njano, na ndani pakaandikwa tarehe ya kuzaliwa ya mnyama pamoja na shairi fupi. Mwaka 1998 mwandiko ukabadilika na tarehe ikaandikwa kwa jina la mwezi badala ya tarakimu tupu. Wakusanyaji husoma lebo mbili kwa pamoja, ya karatasi na ya kitambaa, na mdoli aliyepoteza ya karatasi hushuka bei sana hata kama manyoya yake ni mapya.

Kuhusu maelfu ya dola, mwambie shemeji kwamba ile ni bei aliyoitaja muuzaji, si bei aliyolipa mnunuzi. Mimi pia naweza kuitangaza baiskeli yangu kwa milioni 50 leo hii. Kwenye tovuti kama eBay kuna mahali pa kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Aangalie huko, na aangalie lebo iliyofanana na yake, kwa sababu makambakoche wachache wa mwanzo walitoka na jina Punchers kwenye karatasi, na hao ndio wanaotafutwa. Makosa mengine ya chapa, kama «suface» badala ya «surface», yalichapwa kwa wingi na hayana ajabu.

FundiCherehani_Mwenge

Nakubaliana na ndugu wa Upanga, ila niongeze la kiufundi, maana mimi lebo naitazama kupitia uzi. Mgeuze kambakoche, vuta lebo taratibu na utazame inapoingilia: lebo ya kiwandani imebanwa ndani ya mshono wenyewe, pande mbili za kitambaa zikiwa zimeifunika kabla sindano haijapita. Ukiona imeshonewa kwa juu, au uzi wa sehemu hiyo una rangi tofauti au hatua fupi kuliko mshono unaoendelea, ujue mkono mwingine umepita hapo.

Lebo za aina hii huwa pia na maneno ya kwamba vifaa vyote ni vipya, nayo yana asili yake. Huko Marekani sheria za lebo zilitokana na watengenezaji wa magodoro na mito waliokuwa wakijaza matambara machafu yaliyokwisha kutumika, bila mnunuzi kuona cha ndani. Ndiyo maana lebo inataja ujazo na namba ya usajili kabla ya kutaja jambo lolote la kumfurahisha mtoto.

Sungura wako ni wa miaka ya karibuni. CE si kifupi cha bidhaa ya China, kama nilivyosikia ikisemwa Kariakoo. Ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa imetimiza masharti ya usalama ya Umoja wa Ulaya. Tafuta pia namba ya toleo na tarehe: sheria ya Marekani ya mwaka 2008 ilitaka vitu vya watoto viwe na alama ya kudumu inayoonyesha mahali na wakati vilipotengenezwa, ili vikigundulika kuwa na hatari viweze kurudishwa. Kwa hiyo huyu ambaye hana thamani ya mkusanyaji ndiye anayeweza kukutajia umri wake waziwazi kuliko wote watatu.

BibiWaUpanga

Hamjamgusa dubu. Kampuni ya Steiff ya Giengen, Ujerumani, iliyoanzishwa na Margarete Steiff, imekuwa ikiweka kifungo cha chuma katika sikio la kushoto tangu mwaka 1904, na chini ya kifungo hupita utepe: wa njano kwa bidhaa za kawaida, mweupe kwa matoleo maalumu yenye idadi maalumu. Watoto wadogo huweza kumeza kifungo, kwa hiyo wazazi wengi walikitoa, na sikio likabaki na tundu.

Lakini mwanangu, usifurahi mapema. Maduka ya mitumba ya Ulaya hupiga kibandiko cha bei sikioni kwa kifaa chenye sindano. Tundu la sindano hiyo ni dogo, na ukilisugua kwa kidole manyoya hulifunika. Kifungo kilichokaa miaka mingi huacha duara ambapo manyoya yamelala na kitambaa kimebonyea pande zote mbili za sikio. Mwangalie mchana, karibu na dirisha.

MamaZuhura_Tabata

Nawashukuru nyote, na Bibi, shikamoo. Nimemwangalia dubu dirishani: tundu ni la sindano, na manyoya yamelifunika kabisa. Lebo ya kambakoche imebanwa ndani ya mshono, uzi ni mmoja. Shemeji amekubali habari ya 1965 kwa shingo upande.

Jambo jipya ni hili. Leo nilirudi sokoni nikamuuliza kijana anayeniuzia kama huwa anaona mioyo ya karatasi. Akacheka, akanieleza kwamba huing'oa yeye mwenyewe asubuhi, kwa sababu wateja wakiona karatasi iliyochakaa hudhani mdoli umelala chini sana, akatoa kopo la maziwa lenye mioyo 23 ambayo watoto wake huchezea. Amenipa yote bure. Miwili ina jina Pinchers. Je, nikimfungia kambakoche wangu mmoja kati ya hiyo kuna ubaya?

MsomaLebo_Upanga

Upo, dada, kama siku moja utamuuza, maana hapo utakuwa umewafungisha ndoa wasiojuana, na mnunuzi mzoefu atalinganisha kipindi cha karatasi na kipindi cha kitambaa, kisha atazame uzi wa plastiki. Kama ni wa kubaki kwa binti, mfungie ule wenye nyota ya njano, na ndani ya kitabu andika kwa penseli kwamba umeongezwa Dar es Salaam. Mioyo mingine mpe aipange yeye kwa mwandiko na nyota, na yule kijana mwombe kuanzia Jumamosi ijayo asiing'oe tena. Mimi nitapita kununua.