Filamu za vyama vya siri vyuoni: tuchambue zipi, na kiapo tukipige vipi gizani?

Mkaazi_wa_Tunguu
Assalaam alaikum wakuu. Kikundi chetu cha filamu hapa Unguja kinatayarisha filamu ya dakika 12 kuhusu chama cha siri cha wanafunzi wa chuo kikuu. Tuna kamera moja, taa mbili za LED, na nyumba ya Mji Mkongwe tuliyopewa kwa mikesha miwili. Muswada upo, ila kila anayeusoma anasema hautishi. Tutazame filamu zipi? Na sini ya kiapo tuipige vipi bila picha kujaa chenga?

Dari_ya_Boriti
Waalaikum salaam. Anzeni na The Skulls ya mwaka 2000, ya Rob Cohen. Si bora kuliko wenzake, ila mifupa yake, yaani muundo wa hadithi, inaonekana, kwa hiyo inafaa kusomea. Luke, mwanafunzi ambaye ndiye mhusika mkuu, hana kitu na anataka kusomea sheria. Chama kinampa fedha na gari, kinamchoma chapa mkononi ambayo inafichwa kwa saa, kisha rafiki yake wa gazeti la wanafunzi anakutwa amekufa. Haja, zawadi, alama, maiti. Mfuatano huo ukikosa kiungo kimoja, mtazamaji atauliza kwa nini kijana hajiondokei tu.

Inaharibika nusu ya pili. Chama kinakuwa na mkono kila mahali, mpaka hakuna hatua ya Luke inayoonekana kuwa na maana. Chenu kipeni mipaka: kiweze kumfukuzisha mtu chuo, kisiweze kuinunua familia yake.

Tena, msikifiche chama chenyewe. Skull and Bones, chama halisi cha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilichoanzishwa 1832, huchukua wanafunzi 15 wa mwaka wa mwisho, na jengo lake, linaloitwa Kaburi, liko barabarani watu wanapita. Mwaka 2004 wagombea wawili wakuu wa urais wa Marekani, Bush na Kerry, wote walikuwa wanachama, na jambo hilo lilijulikana. Kinachofichwa ni yanayosemwa ndani. Wanafunzi wa chuo chenu wakijue chama, wakionee hamu.

Bi_Mkunazini
Naongeza The Good Shepherd ya 2006, ya Robert De Niro. Ni ndefu, inakaribia saa tatu, lakini itazameni sini ya kujiunga kwa makini. Mwanachama mpya analazimika kutoa siri yake mbele ya wenzake, na Edward, mhusika mkuu, anaeleza kifo cha baba yake na barua aliyoiacha. Barua ile inarudi mwishoni mwa filamu. Siri hapo ni rehani: chama hakihitaji kumtishia mtu ambaye tayari kinamshikilia. Kwa filamu ya dakika 12, rehani ya namna hiyo inatisha kuliko kisu, na haina gharama.

The Riot Club ya 2014 itazameni kwa ajili ya chumba. Vijana kumi wa Oxford, meza moja, chakula cha usiku, na ukatili unaopanda kidogo kidogo. Nyie mna nyumba moja. Hiyo ndiyo shule yenu.

Majoho meusi na mafuvu yaacheni. Hapa kwetu mtazamaji atafikiria uganga mara moja, na hadithi itahama kutoka kwenye tamaa ya vyeo. Kanzu safi, udi na meza iliyopangwa vizuri vinatosha. Kiapo kisiguse Msahafu. Chuo kiwe cha kubuni, bila nembo ya chuo chochote cha kweli, na kibali kiulizieni BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, mapema.

Fundi_Mwanga
Kuhusu giza. Pigeni fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa 50 Hz na taa nyingi za LED zitapepesa mkitumia 1/60. Lenzi ifunguliwe wazi, f/1.8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, isizidi 1600 kwa kamera ndogo. Chenga zinatokana na kupiga giza tupu halafu kulinyanyua kwenye uhariri. Wekeni mwanga wa kutosha, kisha mshushe wakati wa kuhariri.

Mshumaa mmoja haumulikii uso zaidi ya hatua moja. Fichani LED ya rangi ya joto, kama 2700K, nyuma ya birika au sinia mezani, ifunikeni kitambaa cheupe chembamba, na mishumaa iwe ya kuonekana tu. Macho yakizama kwenye kivuli, mwigizaji apakate karatasi nyeupe ya manila chini ya fremu.

Sauti ndiyo itakayowaangusha. Kuta za mawe zinarudisha mwangwi: tandikeni mikeka, tundikeni mablanketi nyuma ya kamera. Zimeni feni na friji. Maikrofoni ya kifuani ikisugua kanzu mstari mzima unapotea, kwa hiyo ibandikeni kwa plasta upande wa ndani. Rekodini pia dakika moja ya ukimya wa chumba, mtaihitaji kuziba mapengo.

Mkaazi_wa_Tunguu
Ahsanteni sana. Kwetu maiti inapatikana ukurasa wa 9 kati ya 12.

Dari_ya_Boriti
Mmechelewa. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo mmebakiwa na dakika tatu za hofu. Zawadi iwe ukurasa wa 2, kiapo wa 3 na 4, maiti wa 5. Kurasa za katikati zinazoeleza historia ya chama zikateni zote.