0.09! Yule jaji ametuona sote vipofu

Makali_ya_Nje · 20 Februari 2014, saa 4:40 usiku

Wakuu, leo sina salamu.

Simtaji. Mnamjua. Kama mmeangalia programu ndefu ya wanawake ya kuteleza kwenye barafu, Olimpiki ya huko Sochi, jioni hii, mnajua namsema nani kwenye lile jopo la majaji tisa. Kama hukuangalia, uzi haukuhusu, pita.

0.09.

Alama za usanii: Yuna Kim wa Korea 74.50, binti wa nyumbani, Mrusi aliyetwaa dhahabu, 74.41. Zote kati ya 80. Vipengele ni vitano: ustadi wa kuteleza, viunganishi, utendaji, mpangilio na ufasiri wa muziki. Kila kimoja kati ya 10, unajumlisha, unazidisha kwa 1.6. Rudisha hesabu nyuma, Kim wastani wake 9.31, mwenzake 9.30. Mizani ya sonara wa Kariakoo haipimi kitu kidogo namna hiyo! Yule jaji katazama Adiós Nonino ya Piazzolla ikitelezwa na mtu ambaye hata kope zake zinafuata muziki, akageuka akasema hawa wawili wako sawa, tofauti yao ni chembe moja ya mia.

Haya, tuje kwenye mruko unaoitwa lutsi. Lutsi ya kweli unaingia kinyumenyume juu ya makali ya nje ya kiatu cha kushoto, unachoma barafu kwa meno ya kiatu cha kulia, halafu mwili unazunguka upande ulio kinyume na mkunjo ulioujia. Ndiyo maana ni ngumu, na ndiyo maana ya mizunguko mitatu ina alama 6.0 za msingi wakati flipu, mruko mwingine unaotoka makali ya ndani, ina 5.3. Ukiacha kifundo kilalie ndani dakika ya mwisho, umeruka flipu na umelipwa bei ya lutsi. Mtazameni Kim anavyoingia: mkunjo mrefu, kifundo kimesimama nje mpaka meno yanagusa barafu, kasi haipungui, anatua na bado anaenda. Kisha rudisheni mkanda wa mshindi, msimamishe picha pale kabla hajaruka. Mimi naona kifundo kimelala ndani. Jopo la ufundi halikuandika kitu. Hata alama ya kujikuna!

Na ile flipu ya mishono mitatu, yaani miruko mitatu iliyoshonwa pamoja, ile yenye miruko ya tolupu na lupu ya mizunguko miwili nyuma yake, katua kwa miguu miwili akarukaruka. Mbele ya dunia nzima. Mtu anarukaruka, usanii unabaki 9.30.

0.09, jamani. Kabebwa, kavalishwa mbeleko, kafungwa na kanga ya pili juu yake.

---

Mama_Tolupu · saa 4:52

Mkuu umenitoa neno mdomoni. Na hujataja kubwa kuliko yote. Rekodi ya dunia ya programu ndefu ni ya Kim mwenyewe, Vancouver 2010, alama 150.06, siku ambayo hakukosea hata unyusi. Leo mshindi kapewa 149.95. Upungufu 0.11! Na kaguswa na makosa!

Mwezi uliopita kwenye mashindano ya Ulaya kule Budapest binti huyu huyu alipata 131.63 kwa programu ndefu. Kapanda alama 18 na ushee kwa wiki tano. Usanii hauoti kama uyoga.

---

Hesabu_Hazidanganyi · saa 5:03

Makali, unalia mlango usio wako. Dhahabu haikuamuliwa na 0.09 yako. Kwenye hiyo 0.09 Kim yuko MBELE. Kashindwa kwenye ufundi: 75.54 kwa 69.69. Hapo ndipo pana 5.85, na hapo ndipo ulipopakimbia.

Mshindi ana jina, anaitwa Adelina Sotnikova, ana miaka 17. Kaweka miruko saba ya mizunguko mitatu, Kim kaweka sita. Kim hana lupu ya tatu (yaani ya mizunguko mitatu) kwenye programu yake, kila mfuatiliaji analijua hilo miaka yote. Sotnikova anayo, 5.1. Akseli ya mbili na tolupu ya tatu nyuma yake ni 3.3 na 4.1, jumla 7.4, na kaiweka nusu ya pili ya programu, ambako unaongezewa asilimia 10. Inakuwa 8.14. Kim akseli yake ya mbili kaishonea tolupu ya mbili na lupu ya mbili, 6.4 kabla ya nyongeza. Mfululizo wa hatua: Sotnikova ngazi ya 4 ya ugumu, alama 3.9. Kim ngazi ya 3, alama 3.3. Hizo ni alama za msingi, jaji hajafungua mdomo bado.

Na pale kwa miguu miwili walimkata. Someni karatasi, pana alama hasi.

Kocha wa Kim alipaswa kukaa na kikokotoo. Ukienda ugenini na miruko sita kumfuata mwenye saba, umeacha mlango wazi.

---

Makali_ya_Nje · saa 5:09

Hesabu, nani kagawa hizo ngazi? Nani katoa alama za ubora, kutoka hasi 3 hadi chanya 3, kwa kila mruko? Si ni wale wale! Kim katua kila kitu. KILA KITU. Kashuka wa mwisho kabisa, wa 24, uwanja mzima umeshashangilia wa kwao, na hakutetereka.

Na hiyo kwamba Kim "yuko mbele" kwa 0.09 ndiyo tusi lenyewe! Angemnyima kabisa tungejua kachukia. Kampa 0.09 ili aonekane kampa.

---

Mtoto_wa_Ilala · saa 5:15

Afrika Mashariki ina kiwanja cha barafu pale Panari, Mombasa Road, Nairobi, na nyinyi mnagombana habari za makali ya nje saa tano usiku. Kiwanja cha Olimpiki ni mita 60 kwa 30. Pale Panari ukianza tu kuvuta mkunjo wa lutsi umeshakumbatia ukuta.

Mkuu nenda kalale, yule jaji amelala zamani.

---

Karani_wa_Jopo · saa 5:21

Nyote mnasema "yule jaji, yule jaji" na hakuna anayeweza kuonyesha alama zake. Karatasi ya matokeo inachapisha majina ya majaji tisa, sawa, lakini safu za alama zimechanganywa. Safu ya tatu si lazima iwe ya jaji namba 3. Waliweka utaratibu huu baada ya Salt Lake City 2002, pale jaji wa Ufaransa aliposema kashinikizwa kwenye mashindano ya wawili wawili, ikabidi Wakanada wapewe dhahabu ya pili. Wakaufuta mfumo wa zamani wa alama 6.0, wakaleta huu wa kuhesabu, na majaji wakafichwa ili vyama vyao visijue nani kampa nani nini. Matokeo yake sisi ndio tusiojua. Mwizi na mlinzi wamevaa koti moja.

Halafu kwa kila kitu alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, wastani unachukuliwa kwa saba zilizobaki. Kwa hiyo jaji mmoja akipandisha peke yake, yake inatupwa. Anaweza kusogeza kidogo, maana inayobaki juu ni ile ambayo ingetupwa yeye asipokuwepo. Lakini kumtoa mtu 9.0 kumpeleka 9.3 peke yake hawezi. Anahitaji wenzake.

---

Makali_ya_Nje · saa 5:24

Basi walikuwa wengi! Umenisaidia, asante. Na kama mmoja wa majaji ni mke wa mkubwa wa chama cha wenyeji, na mwingine ndiye aliyewahi kufungiwa mwaka mzima baada ya Nagano 1998 kwa kupanga matokeo, akarudi, akakalishwa kwenye kiti kile kile, niambieni mimi nimlilie nani. Siwataji. Mnawajua.

0.09!!!

---

Shabiki_wa_Mao · saa 5:30

Mnamlilia mwenye fedha shingoni. Mao Asada wa Japani je?

Kwenye programu fupi kaanguka kwenye akseli ya tatu, mshono ukampotea, akapata 55.51, nafasi ya 16. Leo karudi akapanga miruko minane ya mizunguko mitatu, akseli ya tatu ikiwemo. MINANE. Mwanamke anayeruka akseli ya tatu ni nadra: unaingia ukiangalia mbele, unatua kinyumenyume, kwa hiyo mizunguko ni mitatu na nusu. Kapata 142.71, ya tatu kwa programu ya leo, juu ya Kostner wa Italia. Usanii wake wamempa 69.68. Zaidi ya alama nne chini ya hao wenu wawili! Na ni kwa sababu moja tu, aliteleza mapema na wale walioshindwa jana. Ukiwa kundi la chini, jaji hapandi na wewe. Anawatunzia wa mwisho.

Makali, wewe umenyimwa chembe. Sisi tumenyimwa kilo.

---

Mama_Tolupu · saa 5:34

Shabiki, Mao naye tulimlilia, uwanja mzima ulilia. Lakini hakuibiwa medali, kaanguka mwenyewe jana. Usichanganye msiba na wizi.

---

Shabiki_wa_Mao · saa 5:36

Sijasema kaibiwa medali. Nimesema 69.68 ni matusi. Soma.

---

Bi_Mkubwa_Tanga · saa 5:41

Na Carolina Kostner na Boléro yake hakuna anayemsema? 142.61, shaba, kimya. Wanangu, yule ndiye aliyeteleza muziki leo. Ravel ile inaanza chini kama mtu ananong'ona na inapanda polepole mpaka mwisho, na yeye kila hatua kaipandisha nayo. Ningekuwa na kura ningempa yeye usanii, hao wawili wakagombane nje.

---

Nyundo254 · saa 5:47

Mkimaliza ya wanawake tuje kwenye dansi ya barafu, uozo uliopita mkaukalia kimya. Virtue na Moir wa Kanada walikatwa ngazi kwenye Finnstep, hatua ambazo kila jozi inalazimika kucheza kwenye dansi fupi. Petri Kokko, mmoja wa waliotunga hiyo Finnstep, akaandika hadharani kwamba haelewi hukumu ile, kwake yeye Wakanada ndio wangeongoza. Mtunzi anasema hatua zake zimechezwa sawa, jopo linasema hapana! Mwisho Wamarekani 195.52, Wakanada 190.99.

Mwenye wimbo kasema umeimbwa vizuri, nyinyi mnamfundisha sauti.

---

Hesabu_Hazidanganyi · saa 5:52

Nyundo, ngazi haitolewi kwa uzuri. Kila hatua ya lazima ina vituo vyake, na kituo ni kugusa makali sahihi kwa mapigo sahihi. Makali yakilegea hata kidogo, kituo kimeanguka, ngazi imeshuka. Mtunzi anaweza kupenda dansi na kituo kikawa kimeanguka bado.

---

Konde_la_Chuma · saa 5:58

Wakorea wasitulilie kabisa! Seoul 1988, fainali ya ndondi, Roy Jones wa Marekani kamtwanga mwenyeji wao raundi tatu, ngumi 86 kwa 32, majaji wakampa Mkorea 3 kwa 2. Wenyeji walifurahi. Jones akapewa kikombe cha bondia bora wa mashindano, na medali ya fedha! Bora wa wote, na bado wa pili! Leo mwenyeji mwingine kafanya, ndiyo mnaamka?

---

Makali_ya_Nje · saa 6:01 usiku

Konde, Kim hajazaliwa 1988. Ana miaka 23. Huwezi kumlipisha deni la bondia. Turudi kwenye 0.09.

---

Nyundo254 · saa 6:04

Seoul hiyo hiyo umeitaja ukamsahau Robert Wangila! Mkenya, uzito wa welta, fainali na Mfaransa Boudouani, raundi ya pili kamlaza. Dhahabu. Hapo jaji gani angemuibia? Mtu yuko chini sakafuni, refa anahesabu kumi.

---

Konde_la_Chuma · saa 6:07

Hapo umesema. Heshima kwake Wangila, Mungu amrehemu. Ugenini usipige pointi, piga mtu alale.

---

Karani_wa_Jopo · saa 6:12

Ni baada ya Seoul hiyo wakaleta mashine za vitufe, Barcelona 1992. Majaji watano, ngumi inahesabika kama angalau watatu wamebonyeza ndani ya sekunde moja. Ikazuia wizi wa wazi, ikaharibu ndondi. Ngumi za mbavu hazikuonekana, mabondia wakajifunza kudonoa usoni na kukimbia. Mwaka jana wameachana nazo, wamerudi kwenye alama kumi kwa raundi.

---

Konde_la_Chuma · saa 6:15

Na walikosea kuziacha! Rekebisha kitufe, usimrudishe binadamu.

---

Makali_ya_Nje · saa 6:16

Wakuu, 0.09.

---

Mtoto_wa_Ilala · saa 6:19

Konde, vitufe havifai. Mtu anapigwa mbavu raundi nzima anapumua kwa shida, mashine inasoma sifuri. Kumi kwa raundi ni sawa, ila majaji wawe watano na wote wahesabiwe.

---

Konde_la_Chuma · saa 6:22

Watano wakitoka wapi? Taja nchi moja.