Tupeane uzoefu: majibu ya damu yaliyowahi kukushtua (sukari, mafuta, presha na kitambi)

MamaWawili: Wakuu habari za jioni. Leo nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto nikakutana na karatasi yangu ya vipimo ya mwaka jana, nikakaa kitandani nayo nikaona niwaandikie. Kazini walikuja watu wa maabara kutupima, tumelala bila kula, asubuhi foleni. Majibu yangu: sukari 5.9, trigliseridi (mafuta yanayozunguka kwenye damu) 1.9, HDL yaani yale mafuta mazuri 1.1, presha 134 kwa 86. Pembeni ya HDL wamechapa kawaida ni kuanzia 1.0 kwa hiyo hakuna nyota hakuna mshale, nikaenda zangu kunywa supu na chapati mbili.

Sasa mwenzangu tunayekaa naye meza moja, mwanaume, HDL yake na yeye 1.1. Yeye kaambiwa uko vizuri, mimi nimeingia naambiwa iko chini. Nikamwambia daktari namba si ile ile jamani? Akasema mwanamke inatakiwa ifike kama 1.3, mwanaume 1.0 inatosha, hii karatasi wamechapa kiwango kimoja kwa wote. Akatoa tepi kama ya fundi cherehani, akashika mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, akapima katikati hapo, pumua kawaida usivute tumbo. Sentimita 97. Kwa mwanamke wa huku kwetu wanataka isifike 80, mwanaume isifike 94. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, kiuno, trigliseridi, HDL, presha, sukari. Vikifika vitatu vilivyovuka kiwango hatukuachi, alisema. Mkono wote ukaisha! Na hakuna hata kimoja ambacho peke yake ningeitwa mgonjwa, ndo kilichoniuma.

Akaniuliza mimba zako sukari iliwahi kupanda? Nikanyamaza. Ilipanda, mimba ya pili, 2016, mtoto alitoka na kilo 4.3, nikajifungua ikashuka nikasahau na hakuna aliyeniambia nirudi kupima. Kina mama wenzangu mlioambiwa "sukari ya mimba imeisha", mlirudi?

binti_Pongwe: Sikurudi. Nimesoma hapa mpaka moyo umeenda mbio.

Kibo_Mzee: Mimi kilianza kidole gumba cha mguu, saa nane usiku, hata shuka likigusa napiga kelele. Nikajua nimeng'atwa na kitu. Kumbe gauti, ule ugonjwa wa viungo, asidi ya yuriki (taka ya kwenye damu inayouleta) 512 wakati mwanaume haitakiwi kuzidi kama 420 hivi. Daktari hakuishia hapo kwenye kidole, akaagiza mafuta na sukari vyote, akasema hii yuriki mara nyingi haiji peke yake. Kweli, presha juu, trigliseridi 3.2. Nyama choma na bia za kila Ijumaa miaka ishirini.

Chuma_Ulete: Mkuu Kibo umeongea ukweli. Bia tu hapo.

mtu_wa_Nachingwea: Sasa jamani kitambi kidogo kwa mwanaume si ni dalili mambo yanaenda? Mwanaume mwembamba ukweni wanauliza kama mnakula.

binti_Pongwe: Ndo maneno yaliyomzika baba yangu mdogo hayo.

mtu_wa_Nachingwea: Samahani dada, sikujua. Pole sana.

Dereva_Nyanda: Ngoja niseme na mimi maana sijawahi kuandika hii. Naendesha lori Dar Tunduma. Miaka miwili kabla walinipima nikaambiwa sukari 6.4 haujala, inapanda kidogo, punguza soda. Sikupunguza, barabarani usiku soda ndo inakuweka macho. Ikaanza kiu. Chalinze nanunua maji lita moja na nusu, Morogoro yameisha, nasimama kukojoa, Mikumi tena nasimama. Tingo wangu dogo mmoja ndo aliniambia kaka pale ulipokojoa sisimizi wamejaa, nikamwambia acha uchawi. Nimekonda suruali zinaanguka na mimi nafurahi kitambi kinaisha. Safari hiyo tunapanda Kitonga na mzigo, zile kona mnazijua, macho yakaanza kufifia kama kioo kimeingia mvuke, nafuta kioo, kumbe si kioo. Taa za gari linaloshuka naziona nne. Dogo akapiga kelele kaka uko upande wa watu! Nilirudisha usukani sijui kwa nguvu ya nani, tukapanda polepole hazadi zinawaka mpaka juu, nikazima gari, nikatapika mlangoni, baada ya hapo sikumbuki. Kituo cha afya walinitoboa kidole mashine ikaandika HI, herufi mbili tu, mke wangu kwenye simu anauliza HI ndo ngapi, nesi akamwambia mama hii imepita uwezo wa mashine kusoma. Dripu, sindano za insulini, siku sita. Nikifumba macho bado naziona zile taa nne.

Chuma_Ulete: Daah.

MamaWawili: Kaka Mungu amekuokoa wewe na waliokuwa wanashuka. Soma mara mbili hii jamani.

Tabibu_asili: Pole dereva. Majani ya mwarobaini glasi asubuhi na jioni, na mdalasini, sukari hiyo inashuka bila sindano.

nesi_wa_zamu: Tabibu usimwambie mtu wa HI aache sindano, tafadhali. Hapa hatutaniani. Nimepokea watu wameacha metformini, vile vidonge vya sukari, wiki tatu kwa sababu ya majani, wanakuja wanapumua kwa shida na mdomo unanuka kama matunda yaliyooza.

Tabibu_asili: Sijasema aache.

nesi_wa_zamu: Umesema bila sindano. Rudia kusoma ulichoandika.

Mpima_damu: Mimi nipo maabara, niongeze mawili. Kwanza sisi watu weusi trigliseridi mara nyingi inatoka chini hata kama mwili umeshaanza kugomea insulini (homoni inayoshusha sukari), kwa hiyo ukiona ni nzuri usijipe moyo sana, angalia kiuno na sukari. Pili, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, mwenye sikoseli au aliyepungukiwa damu kinaweza kudanganya, mwambie daktari mapema. Halafu kuja hujala ni masaa 8 mpaka 12, maji ruksa, chai ya rangi yenye sukari umeshakula hiyo.

Shangazi_Bi_Mkubwa: Wanangu, mimi nina 58. Mpaka hedhi inakata nilikuwa mnene wa nyonga tu, tumbo sina. Miaka mitatu baadaye nyonga zimekonda tumbo limetoka na HDL imeshuka. Nilidhani ni uzee, daktari akasema zile homoni ndo zilikuwa zinanilinda.

binti_Pongwe: Shikamoo shangazi. Ulifanya nini?

Shangazi_Bi_Mkubwa: Marahaba mwanangu. Natembea alfajiri mpaka sokoni na kurudi, ugali wangu sasa ukubwa wa ngumi, mboga ndo inajaa sahani. Kukaanga nimeacha. Karibu nimeacha.

Kibo_Mzee: Mimi niliambiwa niache ugali kabisa nile ndizi, mwingine akaniambia ndizi ndo mbaya zaidi. Nikachanganyikiwa nikarudi kwa daktari wangu.

MamaWawili: Mimi ni kama shangazi. Chapati ni Jumapili, kituo kimoja kabla nashuka natembea. Mwezi uliopita kiuno 91, sukari 5.5, presha imeshuka, HDL imegoma kwenye 1.2. Bado.

mtu_wa_Nachingwea: Nimeazima tepi ya mke wangu. 103. Jumatatu naenda kupima hujala.

binti_Pongwe: Kaka dereva, yule dogo tingo mko naye bado?

Dereva_Nyanda: Tuko naye. Ameshapata leseni, Kitonga anaendesha yeye, mimi nakaa pembeni na mashine yangu ya kidole. Leo asubuhi 7.8.