Naomba ushauri: mama ana shinikizo la damu na amepata korona

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Mama yangu, mwenye miaka 63, hutumia losartan kila siku kwa ajili ya shinikizo la damu, na juzi kipimo kilionyesha kuwa ana korona. Jirani amemshawishi aache dawa kwa madai kwamba inaongeza protini ya ACE2, ambayo ndiyo mlango wa virusi kuingia kwenye seli, ingawa utafiti uliofanywa Brazil mwaka 2020 ulionyesha kuwa walioacha dawa za aina hiyo hawakupata nafuu kuliko walioendelea nazo. Leo presha imefika 168/102, nami nauhofia moyo wake kuliko kikohozi chenyewe. Mliouguza mgonjwa wa namna hii, mlimshawishije arudie dawa, na ni dalili zipi, mbali na kubanwa pumzi, zilizowafanya mumkimbize hospitali?