Chesi kwa barua pepe na wasioona wa nje: hatua tuziandikeje?

KeteNyeupe:
Wakuu, salamu. Kikundi chetu cha wasioona na wenye uoni hafifu kinataka kucheza chesi ya kirafiki kwa barua pepe na wenzetu wa Ujerumani na Hispania. Tunatumia visoma skrini, yaani programu zinazosoma maandishi kwa sauti: wengi NVDA kwenye kompyuta, wachache TalkBack kwenye simu. Hatua ziandikwe vipi ili pande zote mbili zisikie kitu kimoja, na tukubaliane nini kabla ya kuanza?

Safu_ya_H:
Achaneni na herufi za kete. Kwa Kiingereza R ni ngome, kwa Kihispania R ni mfalme. Farasi Mjerumani anamwandika S, Mhispania C. Mkileta Kiswahili ndiyo balaa, mfalme na malkia wote M!

Tena kuna tatizo la masikio. Chukua 4...Bxc3+ 5.bxc3 kwenye ufunguzi uitwao Nimzo-Indian. Kwanza askofu anakula, kisha askari wa safu ya b analipiza. Kisoma skrini kikipitia mstari mzima, B kubwa na b ndogo hutoka sauti ileile. Simu nayo hukuza herufi ya kwanza bila kuulizwa.

Tumieni tarakimu za ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya barua. Safu a hadi h ni 1 hadi 8. Unataja kisanduku unachotoka, kisha unachofika. e2 kwenda e4 ni 52 54. Acheni nafasi katikati, la sivyo sauti itasoma elfu tano na kuendelea. Mfano wa juu unakuwa 24 33, kisha 22 33, hapo hakuna wa kuchanganya. Mfalme na ngome wakihama pamoja, andika mwendo wa mfalme tu: mweupe 51 71 upande mfupi, 51 31 mrefu, mweusi 58 78 au 58 38. Askari akifika mwisho, ongeza tarakimu ya tano: 1 malkia, 2 ngome, 3 askofu, 4 farasi.

Nukta6:
Naunga mkono. Barua iwe maandishi matupu, bila picha ya ubao. Ukianza mstari na "14." baadhi ya programu za barua zinaugeuza kuwa orodha na namba inarudi 1, kwa hiyo andika "Hatua ya 14". Kila jibu lirudie hatua ya mwenzako kabla ya yako. Kosa litaonekana siku hiyohiyo. Kila baada ya hatua kumi tumianeni orodha ya kete na visanduku vyake. FEN, ule mstari mmoja wa herufi na namba unaoeleza ubao mzima, msihangaike nayo, kuisikiliza ni adhabu.

Tarehe mwezi uandikwe kwa jina, maana 03/04 kila nchi inaisoma kivyake. Na suala la injini, yaani programu zinazokokotoa hatua bora, limalizwe mapema: ICCF inaruhusu, Lichess (tovuti ya kuchezea chesi) inakataza hata kwenye michezo ya siku nyingi, ingawa hapo kutazama hazina ya hatua za ufunguzi ni ruksa.

KeteNyeupe:
Shukrani wakuu. Lichess inatumika bila kuona? Na mmoja wetu hana kompyuta, ana karatasi za nukta nundu tu.

Bandari2:
Inatumika. Kisoma skrini kitakutana na kitufe cha kuwasha hali ya wasioona. Unaandika e2e4 kwenye kisanduku cha maandishi. Ukiandika l inakusomea hatua ya mwisho, p N inataja farasi weupe walipo, s a inasoma safu nzima ya a. Muda unaweza kuwekwa hadi siku 14 kwa hatua.

Huyo wa karatasi awe makini na alama ya namba. Tarakimu 1 hadi 8 zina nukta zilezile za a hadi h, hivyo 5254 bila alama inasomeka "ebed". Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, barua za nukta nundu hazilipiwi, isipokuwa nyongeza ya ndege. Bila ndege barua itachelewa sana, kwa hiyo atume hatua za masharti: "ukicheza 58 78, mimi 61 52". Akishaziandika zimemfunga, mpinzani akifuata njia hiyo.

Ubao utafutwe wenye visanduku vyeusi vilivyoinuka kidogo na tundu katika kila kisanduku, kete ziwe na vijiti chini. FIDE, shirikisho la chesi duniani, inataka usipungue sentimita 20 kwa 20. Mchezo mmoja, ubao mmoja. Akicheza na watatu kwa ubao mmoja atakuwa anaupanga upya kila barua ikifika.